Katiba ya Marekani Si Mali ya Majaji Tisa

Katika vyuo vingi vya Marekani, sheria ya katiba hufundishwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa namna moja inayojulikana na kila aliyepita huko. Mwanafunzi hununua kitabu kinene cha kesi. Kila wiki husoma hukumu kadhaa za Mahakama ya Juu, huandika muhtasari wa kila moja, yaani mambo yaliyotokea, swali la kisheria, uamuzi na hoja za majaji, kisha huingia darasani akiwa tayari kuulizwa. Muhula wa kwanza ni mamlaka ya serikali, wa pili ni haki za raia. Mwisho wa mwaka hutoka na majina ya kesi lukuki kichwani, pamoja na imani moja ambayo hakuna mwalimu aliyemtangazia waziwazi: kwamba katiba ni kile wanachokisema majaji tisa wanaokaa Washington, na kwamba wengine wote, kuanzia rais hadi mpiga kura, kazi yao ni kusubiri.

Imani hiyo ni potofu. Inapindisha historia ya nchi hiyo, inaficha namna serikali yake inavyofanya kazi, na inamnyima mwanafunzi kile hasa alichokijia. Wenzangu wengi wanaolifundisha somo hili wanaitetea njia hiyo kwa hoja nzito, na ninawaheshimu. Lakini nimeona matokeo yake darasani mwangu kwa muda mrefu wa kutosha kusema kwamba wamekosea. Jambo hili linatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki, maana madarasani humo wamo vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Bujumbura, na wanachokiokota kuhusu maana ya katiba hurudi nacho nyumbani.

Njia yenyewe haikubuniwa kwa ajili ya wanafunzi hawa. Ilianzia Harvard mwaka 1870, Christopher Columbus Langdell alipokuwa mkuu wa kitivo cha sheria. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kesi za mikataba, kwa imani kwamba sheria ni sayansi na kwamba hukumu zilizochapishwa ndizo malighafi yake. Kwa wakili mtarajiwa hilo lina mantiki, kwa kuwa mteja akimjia atataka kujua jaji ataamuaje. Sasa mfikirie binti wa miaka 19 anayesomea uuguzi au uhasibu huko Texas, ambako sheria ya jimbo inamtaka kila mhitimu wa chuo cha umma awe amesoma krediti 6 za masomo ya serikali na katiba. Huyo hatakuwa na mteja. Atakuwa mpiga kura, mzazi, mjumbe wa bodi ya shule, mtumishi wa umma, pengine askari au mbunge. Anachohitaji kujua ni kwamba mamlaka fulani ni ya nani, nani anaweza kuyazuia, na yeye mwenyewe ana nafasi gani. Kitabu cha kesi hakimjibu, kwa sababu hakikuandikwa ili kumjibu.

Tuanze pale ambapo vitabu vyenyewe huanzia: Marbury dhidi ya Madison, 1803. William Marbury alinyimwa hati ya kuwa hakimu mdogo wa amani katika mji mkuu. Jaji Mkuu John Marshall akatumia shauri lake kutangaza kwamba mahakama inaweza kuikataa sheria ya Bunge inayokiuka katiba. Ni hukumu kubwa, na mwanafunzi lazima aisome. Lakini mwaka huohuo wa 1803 Rais Thomas Jefferson aliinunua Louisiana kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, akaiongeza nchi karibu maradufu, huku yeye mwenyewe akiwa na shaka kama katiba ilimpa uwezo huo. Aliandika hata rasimu za marekebisho ya katiba ili ajihalalishie, kisha akaziweka kando. Swali hilo zito lilibishaniwa na rais, mawaziri na Seneti, na nchi ikasonga mbele bila kusubiri ruhusa ya mahakama. Ni lipi kati ya hayo mawili lililoibadilisha Marekani zaidi mwaka ule, hati ya hakimu mdogo au ardhi ya Louisiana? Kitabu cha kesi kinalipa la kwanza kurasa nyingi na la pili mstari mmoja, kama linapata hata huo.

Baada ya Marbury, Mahakama ya Juu haikuibatilisha sheria nyingine ya Bunge la taifa hadi mwaka 1857. Hiyo ni miaka 54. Katika miaka hiyo Wamarekani waligombana juu ya katiba yao kila siku: kama serikali kuu inaweza kuanzisha benki, kujenga barabara, kuzuia utumwa usienee magharibi. Mwaka 1819 Mahakama ilisema benki ya taifa ni halali. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson aliupigia kura ya turufu mswada wa kuiongezea benki hiyo muda, akisema kila mhimili umeapa kuilinda katiba kwa kadiri unavyoielewa wenyewe. Mtu anaweza kumpinga Jackson kwa mengi, nami nampinga kwa mengi. Lakini mwanafunzi asiyejua kwamba hoja hiyo iliwahi kutolewa na rais, na kwamba benki ilikufa kweli, hajui somo analodai amelifaulu.

Na hiyo kesi ya 1857 ndiyo Dred Scott, ambamo Jaji Mkuu Roger Taney alisema mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani na kwamba Bunge halina uwezo wa kupiga marufuku utumwa katika maeneo yasiyokuwa bado majimbo. Ukilishika fundisho la kwamba katiba ni kauli ya mahakama, basi kwa miaka kadhaa huo ndio uliokuwa ukweli wa katiba na raia hakuwa na la kusema. Haikuwa hivyo. Mwaka 1862 Bunge lilipiga marufuku utumwa katika maeneo hayohayo, kinyume kabisa na hukumu. Mwaka huohuo Mwanasheria Mkuu Edward Bates alitoa maoni rasmi kwamba watu weusi huru waliozaliwa nchini ni raia. Yote hayo yalitokea kabla ya Marekebisho ya 13 ya mwaka 1865 na ya 14 ya mwaka 1868. Watu waliisoma katiba yao wenyewe, wakaona majaji wamekosea, wakatenda.

Wenzangu hujibu kwa kuitaja Brown dhidi ya Bodi ya Elimu. Tazama, husema, hapo mahakama ndiyo iliyowakomboa wanyonge wakati wanasiasa wamelala. Basi na tuitazame Brown kwa karibu, tukianzia Farmville, mji mdogo katika kaunti ya Prince Edward, Virginia. Shule ya sekondari ya Moton ilijengwa kwa watoto weusi 180, na kufikia 1951 ilikuwa na zaidi ya 450. Waliozidi walisomea kwenye mabanda yaliyofunikwa karatasi za lami. Wakati wa baridi aliyeketi karibu na jiko alitokwa jasho, na aliyeketi mbali hakuvua koti. Tarehe 23 Aprili 1951 msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwakusanya wenzake ukumbini na kuwaongoza kugoma. Walichotaka ni jengo jipya. Mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, waliwaambia watawasaidia iwapo watakubali kudai mwisho wa utengano wenyewe, wakakubali. Shauri lao likawa mojawapo ya matano yaliyounganishwa chini ya jina la Brown, na mwaka 1954 majaji wote 9 wakawapa ushindi.

Kitabu cha kesi hufunga ukurasa hapo, ilhali maisha ya watoto wa Prince Edward yaliendelea. Mwaka 1959 kaunti ilipobanwa itekeleze amri, ilizifunga shule zote za umma. Wazungu walijifungulia shule ya binafsi. Watoto weusi, waleule ambao kaka na dada zao walishinda katika mahakama ya juu kabisa ya nchi, walikaa miaka mitano bila shule ya umma, hadi 1964. Na katika majimbo 11 yaliyowahi kujitenga kutetea utumwa, miaka kumi baada ya hukumu, hata watoto weusi wawili kati ya kila 100 hawakuwa wakisoma pamoja na wazungu.

Hali ilibadilika vipi? Watu waliandamana, wakapigwa, wakafungwa, na Bunge likapitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyoruhusu serikali kuu kuzinyima fedha taasisi zinazobagua. Mwaka 1965 likapitisha sheria ya elimu iliyozimwagia shule mamilioni ya dola, na ghafla kunyimwa fedha kukawa adhabu inayouma. Mahakama nayo ikakaza msimamo mwaka 1968. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1970, shule za Kusini zilikuwa zimechanganyika kuliko za Kaskazini. Hukumu ya 1954 ilikuwa ya lazima, wala siipunguzii heshima. Lakini ilihitaji wasichana wa sekondari kabla yake, na wabunge, maofisa wa bajeti na waandamanaji baada yake. Mwanafunzi anayefundishwa hukumu peke yake anafundishwa robo ya habari na kuambiwa kwamba imekwisha.

Kuna mambo mengine ambayo kitabu cha kesi kinayaacha kabisa, kwa sababu majaji wenyewe wameyakwepa. Kubwa kuliko yote ni vita. Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8, inalipa Bunge uwezo wa kutangaza vita. Mara ya mwisho Bunge lilipofanya hivyo ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam na Iraki zimepiganwa bila tangazo. Mwaka 1973 Bunge liliishinda kura ya turufu ya Rais Nixon na kuweka ukomo wa siku 60 kwa vita ambavyo halikuviidhinisha, na tangu hapo marais wamekuwa wakiutafsiri ukomo huo kwa namna ya kuukwepa. Mwaka 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Bunge lilipitisha idhini ambayo kiini chake ni maneno kama 60. Mtu mmoja tu katika mabaraza yote mawili, Barbara Lee wa California, ndiye aliyepiga kura ya hapana. Mwaka 2016 serikali ya Obama ilisema idhini hiyo inalihusu pia kundi la al-Shabaab, ambalo mwaka 2001 halikuwepo. Al-Shabaab walipoishambulia kambi ya Manda Bay huko Lamu Januari 2020 na kuwaua Wamarekani watatu, vita vya Marekani dhidi yao vilikuwa vikiegemea maneno hayohayo.

Mkazi wa Lamu anajua kwamba hilo ni jambo la katiba lenye uzito wa maisha na kifo. Mwanafunzi wa Ohio anaweza kumaliza mihula miwili ya sheria ya katiba asilijue, kwa kuwa hakuna hukumu maarufu ya kulisimulia.

Kielelezo changu bora cha kile ambacho mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kukifanya na katiba ni Gregory Watson. Mwaka 1982, akiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alipewa kazi ya kuandika kwa somo la serikali. Alipokuwa akitafuta mada alikutana na pendekezo la marekebisho lililotolewa na Bunge mwaka 1789, kwamba wabunge wakijipandishia mishahara, nyongeza isianze hadi uchaguzi mwingine upite. Majimbo ya kutosha hayakuliridhia. Watson akaisoma Ibara ya Tano na kuona kwamba haitaji muda wa mwisho. Akasoma pia hukumu ya mwaka 1939 ambamo Mahakama ilisema suala la kuchelewa kwa maridhio ni la Bunge kuamua. Akahitimisha kwamba pendekezo la miaka karibu 200 lilikuwa bado hai. Alipewa alama ya C.

Watson hakukata tamaa. Aliandika barua kwa wabunge wa majimbo, jimbo baada ya jimbo. Maine ikaridhia 1983, Colorado 1984, na mengine yakafuata. Mei 1992 idadi ya robo tatu ya majimbo ilitimia, na leo hayo ndiyo Marekebisho ya 27. Mwaka 2017 chuo kilimbadilishia alama ikawa A. Tazama alivyoitumia hukumu ile ya 1939: aliisoma ili ajue mlango uko wapi, akapita. Hakuishia kuifanyia muhtasari. Mfumo wa ufundishaji ninaoupinga ungemwambia kwamba amefanya utafiti wa pembeni, nje ya somo.

Marekebisho yanastahili nafasi ambayo leo hayapewi. Virginia Minor wa Missouri alikwenda mahakamani kudai kwamba, kwa kuwa ni raia, ana haki ya kupiga kura. Mwaka 1875 majaji wote walimkatalia. Wanawake hawakusubiri majaji wabadili mawazo. Walifanya kazi katika jimbo moja baada ya jingine mpaka Marekebisho ya 19 yakapita mwaka 1920. Marekebisho ya 16 juu ya kodi ya mapato yalipindua hukumu ya 1895. Ya 26, yaliyoshusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18, yalimaliza ubishi ulioachwa na hukumu ya 1970. Hapo ni raia wakiisahihisha mahakama kwa njia iliyowekwa na katiba yenyewe.

Katiba za majimbo nazo husahauliwa. Mwaka 1973, katika shauri la San Antonio dhidi ya Rodriguez, wazazi wa mtaa maskini wa Texas waliambiwa kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba katiba ya taifa haiwapi haki ya mgao sawa wa fedha za shule. Kwenye kitabu cha kesi hapo ndipo mwisho. Lakini mwaka 1989 mahakama ya juu ya Texas, ikitumia katiba ya Texas, iliamua kwa kauli moja kwamba mfumo uleule wa fedha ni batili. Mwaka 2022, Mahakama ya Juu ya taifa ilipoifuta hukumu ya 1973 juu ya utoaji mimba, wiki chache baadaye wapiga kura wa Kansas waliamua kwa kura ya maoni jambo hilo lisimame vipi katika katiba yao. Waliokariri hukumu hiyo ya utoaji mimba walijikuta wamekariri kitu kilichokufa. Waliojifunza nani anaamua nini, na kwa njia ipi, walikuwa bado na elimu ya kutumia.

Sasa nizijibu hoja za wenzangu. Ya kwanza ni kwamba kesi hufundisha kufikiri. Ni kweli, nami sizifukuzi. Mwaka 1940 Mahakama iliruhusu shule kuwalazimisha watoto wa Mashahidi wa Yehova kusalimu bendera, na mwaka 1943 ikajigeuza na kusema serikali haina uwezo huo. Hukumu hizo mbili zikisomwa pamoja zinafunza hoja kuliko muhtasari wa kesi kumi. Lakini hoja haziishi kwenye hukumu tu. Maoni ya Bates ni hoja, ujumbe wa Jackson ni hoja, hotuba ya mpinga utumwa Frederick Douglass huko Glasgow mwaka 1860 juu ya katiba na utumwa ni hoja ya kiwango cha juu kuliko nyingi zilizoandikwa na Taney.

Ya pili ni kwamba muda hautoshi. Muda ni uleule kwa kila mwalimu, na wanaosoma kesi nne kwa wiki wamechagua kuutumia hivyo.

Ya tatu ndiyo nzito, na anayeipuuza hastahili kusikilizwa. Wanasema: ukiwafundisha vijana kwamba mahakama haina neno la mwisho, unawapa silaha wale walioipinga Brown. Mwaka 1956 wabunge wa Kusini takriban 100 walitia saini tamko la kuikataa hukumu hiyo wakidai wanailinda katiba. Mwaka 1958, baada ya fujo za kuwazuia wanafunzi weusi wasiingie shule ya wazungu huko Little Rock, majaji wote 9 walitia saini hukumu moja kusema kwamba tafsiri yao inamfunga kila afisa. Je, mimi niko upande wa wale wabunge?

Hapana, na tofauti aliieleza Abraham Lincoln. Alipokuwa akiipinga Dred Scott alikubali kwamba uamuzi unawafunga walioshtakiana, wala hakumtaka mtu autumie ubavu kuuvunja. Alichokataa, na kukirudia alipoapishwa Machi 1861, ni kwamba shauri la watu wawili liamue milele siasa ya taifa zima, maana hapo wananchi watakuwa wameacha kujitawala. Kutii amri ya mahakama ni wajibu. Kuamini kwamba majaji hawakosei ni jambo jingine, na hakuna katiba inayolidai. Wabunge wa 1956 walikosea kwa sababu hoja yao ilikuwa mbaya na nia yao ilikuwa kuwanyima watoto haki. Mwanafunzi hawezi kuugundua ubaya wa hoja hiyo ikiwa jibu pekee alilofundishwa ni kwamba mahakama imesema. Siku mahakama itakaposema kama Taney, jibu hilo litamwacha mikono mitupu.

Thurgood Marshall, wakili aliyeongoza mashauri ya Brown, alilijua hili. Januari 1960 alikwenda London, katika mkutano wa Lancaster House, kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya. Aliwaandikia rasimu ya haki, akaweka ndani yake elimu na afya, mambo ambayo katiba ya taifa lake haikuyataja wala haiyataji leo. Mshindi mkuu wa mahakamani alipopata fursa ya kuanza upya, alitaka haki ziandikwe wazi zisitegemee huruma ya jaji.

Ninachokipendekeza kinawezekana muhula ujao. Mwanafunzi aisome katiba yote, mwanzo hadi Marekebisho ya 27, kabla ya kesi yoyote. Ni fupi kiasi cha kumalizika jioni moja. Kila hukumu kubwa isomwe pamoja na kilichoitangulia na kilichoifuata: mgomo wa Moton pamoja na Brown na sheria ya 1964. Wiki nzima ipewe vita, nyingine katiba ya jimbo ambamo chuo kipo. Na mtihani ubadilike, kwa sababu wanafunzi husoma kinachotahiniwa. Badala ya kuuliza Mahakama ilisema nini, tuulize hivi: wewe ni mjumbe wa bodi ya shule, au seneta, au mzazi, na hukumu hii imetoka, katiba inakuruhusu kufanya nini kesho asubuhi, na inakukataza nini?

Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo ameielewa serikali yake. Asiyeweza, hata akiwa na A katika kila muhtasari wa kesi, ametoka darasani akiwa mtazamaji wa nchi ambayo yeye ni raia wake, na aliyemfanya hivyo ni mwalimu wake.